Barafu ya Mpwa Wangu

Baba yangu alirudi siku moja kutoka Kapolowe na bata amemfunga nyuma ya baiskeli. Bata dume, mweupe, mwenye hasira. Alikuwa ameletwa kwa ajili ya Noeli, na mama alikwisha kuweka vitunguu vyake pembeni. Kapolowe si mbali sana na Likasi, lakini kwa baiskeli, na bata anakulalamikia mgongoni njia nzima, baba alisema ilikuwa mbali. Alifika amechoka kuliko bata.

Basi dada yangu akampenda yule bata. Sijui nani anapenda bata. Mbwa, sawa. Paka, kwa sababu ya panya. Bata ni mdomo na kinyesi tu. Dada yangu alimlaza chini ya kitanda chetu, akawa anamwekea mabaki ya bukari, ugali wetu wa huku, na siku ya Noeli baba alipokuja na kisu alimkuta dada amemkalia. Ndiyo, amemkalia, ametandaza sketi juu yake kama kuku anayelalia mayai, na bata ametoa kichwa pembeni anatuangalia. Baba akasema, toka. Dada akasema, sitoki. Baba akasema, nitakupiga. Dada akasema, piga, lakini nipige nikiwa hapa hapa. Noeli ile tulikula bukari na sombe, majani ya muhogo, na bata akaishi mpaka akazeeka, akawa anawafukuza wageni kwenye lango.

Nimeanza na bata kwa sababu ya dada, na dada kwa sababu ya mwanawe. Dada yangu alikufa mtoto wake akiwa bado anasoma shule ya msingi. Baba wa mtoto alikuwa amekwisha kushika njia yake zamani, tusimtafute. Nikamchukua mimi, mjomba wake. Sikusoma sana, niliacha shule kabla ya kujua kugawanya namba kubwa, lakini mtoto wa dada yako ni wako, hilo halihitaji shule.

Na huyu mtoto alikuwa mbishi kama mama yake, ila yeye ubishi wake ulikuwa wa maswali. Anapitisha kidole juu ya meza, anakiangalia.

“Mujomba, hii vumbi inatoka wapi?”

Kabla sijafikiri, bibi yangu (huku kwetu bibi ni mke, msije mkadhani namtaja nyanya yangu) anamjibu kutoka jikoni: “Inatoka kwenye uvivu yako. Kamata kitambaa!”

Alikamata kitambaa, lakini swali hakuliacha. Alikwenda nalo Lubumbashi kwenye chuo kikuu, akasoma mambo ya kemia, kisha akapata nafasi akaenda nalo kwenye nchi moja ya baridi, mbali. Huko ndiko alikopata hii kazi iliyotuletea maneno.

Sasa niseme kazi yangu mimi, maana bila hiyo hamtacheka. Mimi nauza barafu. Nina frigo kubwa mbili ndefu, za kulala, kwenye kibaraza, na asubuhi akina mama wanaoleta samaki kutoka ziwa Tshangalele wanapita kwangu kununua vipande vya barafu, samaki wafike sokoni bado wana macho. Umeme wa bwawa la Koni unapita juu ya vichwa vyetu kwenye nyaya, ukikubali kushuka tunauza, ukikataa tunakaa. Ni kazi nzuri. Mikono inauma lakini hakuna anayekudai maelezo.

Basi siku moja mpwa wangu ananipigia simu, namwuliza, kazi gani wanakufanyisha huko? Anasema, kwa Kiswahili chetu cha huku ambacho mimi ni minye: “Mujomba, minye napima barafu.”

Nilicheka mpaka bibi akatoka kuangalia. Nikamwambia, mtoto, ungebaki hapa, ungepima yangu.

Akanieleza polepole, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Kule kwenye mwisho wa dunia, theluji inaanguka na haiyeyuki. Ya mwaka huu inalalia ya mwaka jana, ya mwaka jana inalalia ya juzi, mpaka chini inakandamizwa inakuwa barafu ngumu. Watu wanakwenda na chombo cha kutoboa, wanachomoa barafu kama gogo, mnene kama paja la mtu, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyokwenda kwenye miaka ya zamani. Na kila mwaka theluji ilianguka pamoja na kitu: chumvi ya bahari, vumbi la jangwa, majivu ya mlima wa moto, moshi wa viwanda. Yeye kazi yake ni kutafuta vile vitu. Madini ya risasi. Shaba. Vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona hata likikesha.

“Ni kidogo namna gani?” nikamwuliza.

“Kamata chumvi kwa vidole bibili, mujomba. Tupa ndani ya Tshangalele. Koroga ziwa yote. Alafu chota kikombe, onja. Iko chumvi?”

“Hakuna.”

“Iko. Ndo kazi yangu, kuiona.”

Akasema anavaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, na si kwa kujilinda na barafu, ni kuilinda barafu na yeye. Hata ile sehemu ya nje ya gogo, iliyoguswa na chombo, hawaitaki. Wanaliyeyusha juu ya sahani ya moto na maji ya katikati tu ndiyo yanakwenda kwenye mashine. Marashi hapana. Saa hapana. Pete hapana. Hiyo ya pete, ningejua mapema kwamba wakwe wataisikia, ningemwambia anyamaze nayo.

Maana mpwa wangu alitaka kuoa. Msichana ni wa hapa hapa Likasi, anauza dawa kwenye famasi, tunasali naye kanisa moja. Mkimya, lakini ukikosea bei anakutazama tu na wewe mwenyewe unajisahihisha. Watu wake ni wa Kasai. Babu yao aliletwa zamani kuchimba, wakabaki. Baba yake alikwisha kufa, na aliyemlea ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Huyo shangazi kwao anahesabiwa kama baba mwenyewe, ila baba mwenye kitenge. Kisha kuna baba mdogo, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye tanuru la shaba, mpaka tanuru likapoa. Mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia. Na baba mdogo alisema hapana.

Nilikwenda mwenyewe kumwona, kama mjomba anavyopaswa.

“Anafanya kazi gani?” akaniuliza.

Nikasema.

Akavua kofia, akaipiga vumbi, akairudisha kichwani. “Papa, bibi yangu nayeye iko nauzisha barafu kwenye Noeli. Tumuite professeur?”

“Ile ya mupwa wangu ni barafu ingine.”

“Barafu ni barafu. Mujomba barafu, mupwa barafu. Na bibi yenu, maji?”

Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa na sababu yake, na niliijua. Kabla ya huyu, walikwisha kutoa binti mwingine wa ukoo kwa kijana wa Ulaya aliyejiita injinia. Ana suti, ana viatu vya ncha, anasema ndiyo kwa kila kitu. Binti kufika kule, injinia anaosha wazee kwenye nyumba ya wazee. Si kazi mbaya, hata kidogo, mimi nikizeeka kabisa nitamhitaji huyo kijana. Lakini alisema injinia. Binti alilia kwenye simu, na aliyeisikia ile simu ni huyu baba mdogo. Tangu hapo mtu wa Ulaya akitaja kazi yake, yeye anasikia uongo.

“Alete tuone,” akasema. “Kwa macho. Si kwa telefone.”

Basi mpwa wangu alipokuja likizo, Oktoba, ule mwezi ambao Likasi inakauka mpaka mate yanakuwa kazi, tukatafuta namna ya kuwaonyesha. Barafu ya mwisho wa dunia haisafiri kwenye valizi. Akasema atawatengenezea ndogo. Akatafuta kipande cha tiyo, bomba la maji, lile pana la plastiki, akaziba chini, akaisimamisha kwenye kona ya frigo yangu. Kila siku anamimina maji kikombe kimoja tu, yanaganda, kesho yake mengine juu. Na kila siku anatia kitu: leo majivu kutoka mbabula tunayopikia, kesho vumbi jekundu la barabara, siku nyingine unga wa kijani wa jiwe la shaba, aliopewa na jirani yetu anayechimba. Siku nyingine maji matupu. Siku ya ibada aliweka moshi. Sijui aliuwekaje, alifunika chupa juu ya mshumaa, akatikisa. Alisema wakwe watakuja, atalitoa lile gogo dogo, na wao wenyewe watasoma juu kwenda chini siku gani ilikuwa na nini. Jamani, nilimpenda siku zile. Mtu mzima mwenye diploma zake, ameinama kwenye frigo yangu anaimba wimbo wa kanisa, matako nje.

Kwa kawaida sisi ndio tunaokwenda kwao. Lakini kwa sababu ya barafu walikubali kuja kwetu, na siku ikapangwa.

Sasa, asubuhi ya siku yenyewe. Mimi na mpwa wangu tulikwenda kukodi viti. Mama mmoja wa samaki akafika na mabeseni yake, mteja wetu wa siku nyingi, analia: gari lilikufa njiani, barafu yake imekuwa maji, samaki wameanza kulegea. Bibi yangu ana moyo. Vipande vyote vilikwisha kununuliwa. Akafungua frigo, akaona ile tiyo. Anajua ni ya mtoto, lakini anaona ndani ni barafu yenye uchafu, na kwake barafu chafu ni barafu iliyoharibika. Akaimwagia maji ya moto, ikachomoka, akaiweka kwenye gunia, akaipigapiga kwa mchi. Samaki wakafunikwa. Mama akaenda sokoni anamshukuru Mungu.

Tuliporudi, bibi mwenyewe akatuambia kwa furaha: “Nimekusafishia frigo, mutoto. Ile barafu yako ilikuwa muchafu sana.”

Mpwa wangu akakaa kwenye kiti cha kukodi. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. “Mama,” akasema, “umeuzisha maisha yangu na samaki.”

“Basi samaki ikaoe!” bibi akamjibu, kisha akaelewa, akajifunika uso kwa kitenge. Siku ile nzima hakukaa kitako.

Wakaja. Shangazi mbele, mnene, anatembea kama yeye ndiye mwenye parsela, yaani kiwanja chetu. Msichana nyuma yake, macho kwenye viatu. Baba mdogo na kofia. Tukasalimiana kwa lugha yao, “Moyo wenu,” tukaitikia “Moyo,” tukakaa. Kwa sababu sisi ni watu wa sala hatukuweka bia. Tuliweka sukre, soda za rangi zote, ndani ya beseni kubwa lililojaa barafu yangu, ile iliyowahi kuganda tena. Na hapa lazima mjue: kwetu hunywi kitu cha mtu kama hujakubaliana naye. Ukifungua chupa umefungua na mlango. Basi jua lile, chupa zinatoka jasho, sisi tunatoka jasho, na hakuna anayenyoosha mkono. Hata mimi mwenye nyumba nilikuwa nameza mate.

“Bon,” baba mdogo akasema. “Iko wapi hiyo barafu?”

Nikamtazama mpwa wangu. Mpwa wangu akamtazama bibi. Bibi akatazama mbinguni.

“Iko sokoni, papa,” mpwa akasema. “Iko juu ya samaki.”

Shangazi alicheka kwanza. Kicheko chake kilikuwa cha tumbo, kiti kikalalamika. Hata msichana alitoa sauti ndogo puani. Baba mdogo hakucheka.

“Donc, basi ushahidi umeliwa.”

“Labda kesho utaliwa, papa.”

“Na minye nilisikia kazini banavuaka pete.”

“Nitaivua asubui, nitaivaa magaribi.”

“Bote banasemaka vile.”

“Kaka,” shangazi akamwambia, “wacha mutoto aseme. Tulikuya kusikia.”

Basi akasema. Hakuwa na kitu mkononi, akasema kwa mdomo. Alisimulia theluji inavyolalia nyingine, na kule hakuna anayefagia. Alisimulia namna vipande vya barafu vinavyolia vikiyeyuka, pu, pu, kwa sababu ya pumzi ya zamani iliyofungwa ndani, hewa ambayo watu waliivuta kabla ya babu zetu wote. Alisimulia kwamba moshi ukitoka kwenye bomba haupotei, watu wanasema umepotea kwa sababu wamechoka kuutazama. Unapanda, unatembea, unakuwa mwepesi, na mwishowe lazima uanguke mahali. Na ukianguka kule, unakaa.

Niliona baba mdogo ameacha kuchezea kofia yake.

“Rudilia,” akasema.

“Moshi, papa, inakaa kule. Kila mwaka na yake.”

Mzee alipoanza tena sauti ilikuwa nyingine, kama imeshuka ngazi. Alisema wakati tanuru lilipokuwa linafanya kazi kwa nguvu, walikuwa wanatoka zamu na kusimama uani kuutazama ule moshi. Mke wake alikuwa anautukana kila siku kwa sababu ya nguo kwenye kamba. Ulikuwa unalala upande mmoja, kisha unavuka vilima, na yeye alikuwa anajiuliza unakwenda kwa nani. Sasa tanuru limepoa, alisema, wenzake wengi wamekwenda, na kilichobaki cha kazi yao yote ni kikohozi hiki.

“Donc ile moshi yetu,” akasema. “Iko mule? Ndani ya barafu yako?”

Mpwa wangu akafungua mdomo, mzee akamwahi.

“Unaona alama yake? Ya Likasi? Miaka yetu?”

Nilikuwa nimekaa karibu na mpwa wangu. Nikamkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa nguvu, kwa mapenzi, maana mlango ulikuwa wazi kabisa, neno moja tu na anaoa. Sema ndiyo, mtoto. Nani atakwenda kule kuhakikisha?

Hata mzee mwenyewe alimsaidia. Aliinama mbele, mikono kwenye magoti. “Sema tu iko, mutoto. Sema, tufungue sukre.”

“Papa,” mpwa wangu akasema, “niliitafuta. Minye nilianza ile kazi juu ya kuitafuta. Shaba iko mule, kidogo sana. Lakini haisemi inatoka kwa nani. Siwezi kusema ni yenu. Sijaiona.”

“Labda iko.”

“Labda. Lakini minye sijaiona.”

Nikaondoa mguu wangu juu ya wake. Nilitazama beseni; barafu ilikuwa imeanza kuogelea. Nikasema moyoni, hivi ndivyo mama yake alivyokaa juu ya bata, na nilikuwa na hasira naye, na nilimpenda, vyote kwa pamoja. Msichana alikuwa ameinua macho kutoka kwenye viatu. Alikuwa anamtazama mpwa wangu vile anavyowatazama wateja, ila safari hii hakuna aliyekuwa amekosea bei.

Shangazi akajipangusa jasho la shingo kwa ncha ya kitenge.

“Kaka,” akasema, “yule wa kwanza alisema ndiyo kwa kila kitu. Unakumbuka? Tulimuuliza iko na nyumba, ndiyo. Iko na gari, ndiyo. Uyu unamupa ndiyo yenyewe kwenye mukono, anakurudishia.” Akamgeukia bibi yangu. “Mama wa samaki, leta kifungulio.”

Bibi aliruka kama mwenye miaka kumi na tano. Lakini kwa desturi si yeye anayefungua. Msichana ndiye aliyesimama. Alichagua chupa kutoka kwenye beseni, akaipangusa na kitambaa, akaifungua, na akapiga magoti kumpa kwanza baba mdogo wake, kwa mikono miwili. Mzee akaipokea. Hilo nalisema wazi, kwa sababu baadaye watu walisimulia kwamba alikataa: aliipokea, na aliweka mkono juu ya kichwa cha binti, akauacha hapo kidogo.

Kisha akasimama, akaiweka ile chupa juu ya kiti chake, imejaa, na akaenda zake kuelekea langoni. Tulidhani anakwenda kukohoa pembeni, alikuwa na hiyo adabu. Shangazi alikwisha kunywa nusu ya yake. Mimi nilipoona amepita lango nikamfuata mpaka barabarani.

“Papa!” nikamwita. “Sukre yako!”

Hakugeuka. Alikwenda polepole kwenye vumbi, mikono nyuma, akapita duka la makala, yaani makaa, akakata kona. Binti alitupa kwa mkono ule kichwani, lakini moshi wake hatukumrudishia; kwenye harusi hakuja, na nyumbani kwangu hajakanyaga tena.